Kanuni ya kukataza mtandio kwenye kikapu ilikufa 2017, sisi hatukusikia tanzia

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni fundi cherehani wa Chake Chake. Gazeti lenu hunifikia likiwa limeshapita mikono ya watu watatu, wa mwisho wao muuza samaki, kwa hiyo mniwie radhi kwa kuchelewa. Mniwie radhi na kwa urefu. Mkitaka kupunguza, punguzeni. Kazi ya mkasi naielewa.

Yako mambo mawili niliyoyasoma kwenu. La kwanza ni makala ya Caitlin Clark, yule mcheza kikapu wa Marekani. La pili ni barua ya msomaji iliyotoka baadaye, akaijibu makala ile kwa kusema watoto wetu wa kike wasidanganywe, maana kikapu na stara ni maji na mafuta ya taa, na anayetaka kufika alikofika Clark lazima kwanza avue mtandio. Msomaji huyo hakutia jina lake. Nami sitotia langu, tuwe sawa.

Makala yenyewe niliipenda. Hesabu zake nimezinakili kwenye daftari langu la vipimo, chini ya kiuno na mabega ya bibi harusi mmoja wa Machomane. Pointi 3,951 katika miaka 4 ya Chuo Kikuu cha Iowa. Machi 3, 2024 aliipita hesabu ya Pete Maravich, pointi 3,667, iliyokaa tangu 1970 bila ya mwanamume wala mwanamke wa daraja la kwanza la vyuo vya kule kuigusa. Aprili 7 akacheza fainali, wakafungwa na South Carolina 87 kwa 75, na fainali ile ya wanawake ilitazamwa na watu milioni 18.9 kwenye televisheni, wengi kuliko ya wanaume. Aprili 15, timu za ligi ya wanawake ya kulipwa zilipochagua wachezaji wapya, likaitwa jina lake kabla ya majina yote, akachukuliwa na Indiana Fever. Kutoka kufungwa fainali mpaka kuchaguliwa na timu ya kulipwa ni siku 8. Mimi gauni la harusi nachukua siku 10.

Mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulikuwa dola 76,535, na watu wengi waliona ni mdogo kwa mtu wa sifa ile. Hilo sina la kusema. Huku kwetu ni fedha ya kununulia nyumba na boti ya uvuvi, ibaki na ya sadaka.

Nililotaka kusema linamhusu gadi mwengine. Kwa wasioujua mchezo, gadi ni yule anayeupandisha mpira kutoka nyuma, anayeona nani yuko wazi na kumpelekea. Mara nyingi ndiye mfupi wa timu. Sisi Tanzania tukisema kikapu tunamfikiria Hasheem Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, basi mtoto akiwa mfupi tunamwambia akacheze nage. Clark ni gadi. Na huyu ninayemtaja ni gadi pia, na hafiki futi 5 na inchi 5. Anaitwa Bilqis Abdul-Qaadir.

Kabla sijamfikia, nimalizane kidogo na msomaji wenu, maana anauzungumzia mchezo huu kama kwamba ulizaliwa na watu wa nguo fupi. Sivyo. Mwalimu James Naismith alitundika vikapu vya kuvunia matunda kwenye baraza ya juu ya ukumbi wa mazoezi, futi 10 kutoka chini, mwezi wa Disemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. Nje baridi, vijana wamechoka kukaa ndani. Angekuwa Pemba angetundika pakacha. Aliandika kanuni 13 na hakuna hata moja inayotaja nguo. Mwaka uliofuata wasichana wa chuo cha Smith, huko huko jirani mji wa Northampton, wakaanza kuucheza chini ya mwalimu wao Senda Berenson. Machi 1893 walipocheza darasa kwa darasa, wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Mlango umefungwa, wanawake peke yao, kama siku ya singo ya bibi harusi. Kikapu cha wanawake kilianza hivyo, na hayo hayakuandikwa na shekhe wa Wete.

Katika mji huo huo wa Springfield, miaka 99 baada ya vikapu vya Naismith, alizaliwa Bilqis. Mtoto wa nyumba ya Kiislamu, Mmarekani mweusi. Alipofika umri wa kujistiri alianza kuvaa mtandio, na hakuacha mpira. Alivaa fulana ya mikono mirefu chini ya jezi, taiti ndefu chini ya bukta, na kitambaa kichwani. Akiwa sekondari alifikisha pointi 3,070. Katika jimbo zima la Massachusetts hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kufika hapo kabla yake, si wa kike si wa kiume. Rekodi ya wasichana aliyoivunja ilikuwa ya Rebecca Lobo, mtu ambaye baadaye alichukua medali ya dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2009, katika futari ya Ramadhani aliyoiandaa Rais Obama ikulu, binti huyu alikuwa miongoni mwa wageni, na rais alimtaja kwa jina katika hotuba yake.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nikamate kalamu. Mwaka huo huo wa 2009 Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa NBA, ligi ya wanaume ya kulipwa ya Marekani, na timu iliyomchukua ilikuwa Memphis Grizzlies. Nakumbuka redio zilivyoimba. Wanangu walikuwa wakichora namba yake mgongoni kwa mkaa. Neno Memphis lilijulikana mpaka kwa wachuma karafuu. Na Bilqis naye, mwaka huo huo, alikwenda Memphis, kuchezea Chuo Kikuu cha Memphis. Mji mmoja, mwaka mmoja. Mtanzania wetu mrefu upande huu, na upande wa pili msichana mfupi mwenye mtandio kama wa mwanangu, wa kwanza kucheza daraja la kwanza la vyuo vya Marekani akiwa na hijabu. La kwanza tulilijua kwa saa. La pili mimi nimelijua juzi, kwa mtoto wa ndugu yangu anayesoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, aliyeniwekea video kwenye simu yake nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nikaiacha sindano.

Bilqis alimaliza chuo mwaka 2014, msimu wake wa mwisho akiwa Indiana State, mji wa Terre Haute. Yaani jimbo hilo hilo la Indiana ambalo miaka 10 baadaye lilimpokea Clark kwa vifijo. Kutoka Terre Haute mpaka wanapocheza Fever ni mwendo wa gari wa saa moja na kitu.

Lakini mlango wa ligi ya wanawake ya Marekani ni mwembamba. Wakati ule ilikuwa na timu 12, na timu haizidi wachezaji 12. Zidisheni wenyewe: ni 144 kwa nchi yote ile. Wengi wanaotoka vyuoni hupanda ndege kwenda kucheza kwa malipo Ulaya na kwengineko, na Bilqis alikuwa amejitayarisha kufanya hivyo. Huko kote mchezo uko chini ya shirikisho la dunia, FIBA. Na kanuni za FIBA za wakati huo zilikataza kitu chochote kichwani isipokuwa utepe usiozidi sentimita 5. Sababu yao ilikuwa usalama. Mimi ni mshonaji na nimeifikiria sana sababu hii, bado sijaelewa vipi kitambaa cha sentimita 5 hakimdhuru mtu na kile kile kikiwa cha sentimita 40 kiwe silaha.

Aliambiwa achague. Hakuvua. Basi mtu wa pointi 3,070 akenda kufundisha michezo skulini.

Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, timu ya wanawake ya Qatar ilifika Incheon, Korea ya Kusini, kwenye Michezo ya Asia, wakaambiwa wavue kabla ya kucheza na Mongolia. Wakakataa, mechi wakaipoteza bila ya kurusha mpira. Na mwanamke mwengine, Indira Kaljo, mwenye asili ya Bosnia, ambaye alikwisha cheza kwa malipo Ulaya kabla hajaanza kuvaa hijabu, alifungua ombi la saini mtandaoni. Bilqis naye akasema, akaandika, akazunguka. Mpira wa miguu ulikuwa umeshawatangulia: FIFA waliruhusu mapema mwaka huo wa 2014. FIBA walichukua muda wao, wakajaribu kwanza kwenye mashindano ya ndani ya nchi, halafu Mei 2017 wakapiga kura, na kuanzia Oktoba 1, 2017 kitambaa cha kichwa kikawa halali katika kikapu cha dunia nzima. Bilqis alikuwa keshakaa miaka 3 bila ya mashindano, na maisha yake yalikwisha chukua njia nyengine. Hakurudi. Mlango aliousukuma ulifunguka akiwa hayupo tena kizingitini.

Mhariri, hapa naingia kwenye langu, na si la kujisifia.

Mtaani kwetu tuna kiwanja cha saruji chenye ringi mbili, moja imepinda. Msimu wa karafuu hakichezeki, maana watu hutandika majamvi na kuanika, na ukimwambia mtu aondoe karafuu zake kwa ajili ya mpira utatafuta pa kulala. Miezi mengine wasichana hucheza baada ya alasiri mpaka jua likikaribia kuzama. Mimi si kocha. Mimi nilikuwa nashona jezi, nabeba maji, na safari ikiwepo nafuatana nao kwa sababu wazazi huwa hawamtoi mtoto wa kike bila ya mtu mzima wa kike. Kwa hiyo waliniita shangazi, wote.

Gadi wetu alikuwa mtoto wa miaka 17. Mwembamba, mfupi, mkimya nyumbani, lakini uwanjani mdomo haukufungwa: wewe nenda kulia, wewe rudi, wewe umelala? Kudunda mpira alijifunza kwenye njia ya udongo, na mpira wa njia ya udongo hauendi unapotaka, ndiyo maana alipopanda kwenye saruji hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alikuwa na pasi moja ya chini, ya kudundisha mara moja kati ya miguu ya watu wawili, ambayo mpaka leo nikifumba macho naisikia mlio wake.

Mwaka 2019 tulialikwa kwenye mashindano Unguja. Sitoyataja, na waliohusika wengine wameshatangulia mbele ya haki. Tulikwenda kwa boti, watoto 11, watatu wakatapika njia nzima. Asubuhi tumefika kiwanjani, tumevaa, bwana mmoja wa mezani akatutazama, akatoa karatasi yenye kanuni, nakala ya fotokopi iliyofifia, akasema mavazi ya kichwa hayaruhusiwi, si yeye, ni kanuni ya dunia. Alisema kwa upole, tena akaniita bi mkubwa. Laiti angekuwa mkali huenda ningebishana naye. Upole wake ulinimaliza.

Nami nikaamini. Watoto wengine sita au saba niliwafungia nywele kwa vipande vya utepe nilivyovikata pale pale kutoka kwenye kanga yangu, upana wa vidole vitatu, nikawaambia wavue mitandio, baba zenu nitaongea nao mimi. Yule gadi akakataa. Nikamwendea benchi. Neno nililomwambia nalikumbuka na nitaliandika kama lilivyo: "Mwanangu, ni dakika 40 tu."

Hakunijibu. Aliinama akafungua kamba za raba zake, akazivua moja moja, akazitia kwenye mkoba, akakaa miguu chini mpaka mechi ikaisha. Tulifungwa vibaya sana. Kwenye boti ya kurudi alikaa upande wa pili na ndoo ya wanaotapika, na mwezi uliofuata hakuonekana kiwanjani. Wala uliofuata.

Sasa hesabuni nanyi. Kanuni ilibadilika Oktoba 2017. Sisi tuliambiwa tuvue mwaka 2019. Yaani kanuni ile ilikwisha kufa na kuzikwa, na fotokopi yake bado ilikuwa inachezesha mpira kwetu. Mtu akifa Micheweni, tanzia inasomwa redioni na kabla ya adhuhuri watu wa Makunduchi wanajua. Hii hakuna aliyetusomea.

Mwaka jana, baada ya ile video, nilimwomba yule mtoto wa SUZA anitafutie kanuni yenyewe, kama ilivyopitishwa 2017, anifasirie. Nilikuwa nataka kuona kwa macho yangu. Ni maneno machache, na kwa mshonaji yanasomeka kama oda ya mteja. Kitambaa kiwe cheusi au cheupe au cha ile rangi iliyotawala jezi, na wote wanaovaa katika timu wawe na rangi moja. Kisifunike macho, pua wala midomo. Kisiwe na kitu cha kufungia na kufungulia usoni wala shingoni, yaani pini hapana, kifungo hapana, zipu hapana. Kisiwe na kinachotokeza. Kisimdhuru anayekivaa wala mwenzake. Basi.

Nilikaa nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mitandio ya timu yetu ya mwaka 2019 ilikuwa myeusi yote, jezi zetu zilikuwa nyeusi na njano. Kasoro yetu ilikuwa pini moja moja chini ya kidevu. Kazi ya dakika tano kwa sindano ya mkono. Angelikuwa na karatasi sahihi, bwana yule angeniambia, "Bi mkubwa, toa pini, shona," na ningeshona pale pale, sindano na uzi nilikuwa navyo, ndivyo nilivyofanyia ule uharibifu wa kanga.

Kwa hiyo namwambia msomaji wenu kwa heshima: mtandio haukumzuia Bilqis. Aliufungia pointi elfu tatu. Kilichomzuia ni maandishi, na maandishi yaliandikwa na watu na yakafutwa na watu. Gadi wetu naye mtandio haukumzuia. Yeye tulimzuia kwa karatasi iliyopitwa na wakati na shangazi asiyeuliza.

Sisemi angekuwa Clark. Clark alikuwa na ukumbi wa joto, kocha aliyesomea, na watu 55,646 waliokwenda kumtazama siku moja ya mwaka 2023 Iowa walipocheza kwenye uwanja wa chuo wa ule mpira wa Kimarekani. Sisi tuna ringi iliyopinda na karafuu. Lakini kati ya kuwa Clark na kutocheza kabisa pana ngazi nyingi. Pana timu ya wilaya, pana vikosi, pana chuo, pana nafasi ya kufundisha, pana msichana wa Pemba kuchukuliwa na skuli ya nje kwa ajili ya mpira wake, na kuna watu wametoka hivyo Afrika nzima. Yeye tulimshusha kwenye ngazi ya kwanza.

Na tusidhani ni sisi tu wa visiwani. Ufaransa, nchi yenye kila kitu, shirikisho lao la kikapu liliweka kanuni ya kukataza vitambaa vya kichwa katika mashindano yao baada ya dunia kuviruhusu. Yuko gadi wao, Diaba Konaté, aliyevaa jezi za timu za vijana za Ufaransa, akaenda kusoma Marekani, akacheza na hijabu yake chuo cha UC Irvine, California, na mwaka 2024 wakabeba ubingwa wa Big West, ligi ya vyuo vya upande ule. Marekani alicheza, kwao alikatazwa. Sisi ambao kwetu kila msichana wa skuli yuko na mtandio tangu darasa la kwanza hatuna hata kisingizio chao.

Ninachokiomba si fedha. Hata ringi siombi, ingawa ile iliyopinda mtu akijisikia aje. Naomba gazeti lenu lichapishe kanuni hiyo, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa michezo, mahali ambapo mtu anaweza kuikata na kuitia mfukoni. Na wanaoandaa mashindano, Unguja na Pemba, wanapotuma barua ya mwaliko waandike sharti la nguo ndani ya barua hiyo hiyo, tulijue tukiwa nyumbani kwenye cherehani, tusilijue mezani baada ya kutapika baharini. Na waamuzi waulizwe kitabu wanachotumia ni cha mwaka gani. Swali hilo si la utovu wa adabu. Mimi nikiletewa kitambaa nauliza kimenunuliwa lini, maana kingine huwa kimeshaliwa na nondo.

Upande wangu nimeanza. Tangu mwaka jana nashona vitambaa vya kichwa vya mchezo kama kanuni inavyotaka. Kipande kimoja, kinapitishwa kichwani kama soksi, mshono mmoja wa ovaloki nyuma, naulaza kwa pasi isiyo na moto mkali usije ukamkwaruza mtoto shingo. Siri ni kujua kitambaa cha jezi kinavutika zaidi upande upi. Upande huo lazima uzunguke kichwa. Ukikosea, kila akiruka kinamshuka machoni. Cha kwanza nilikosea. Mtoto alicheza robo nzima kama anayechungulia chini ya pazia, na alifunga vikapu viwili, Mungu mkubwa. Kitambaa cha mita moja natoa vitano. Kwa mwenye timu ya watoto wa skuli nashona kwa bei ya kitambaa tu na uzi wake.

Yule gadi nimemuona. Alikuja mwezi wa Shaabani kushonesha sare ya mdogo wake. Ana mtoto mchanga sasa. Nikimpima yule mdogo nikamwambia, bila ya kumtazama, kwamba kanuni ilikuwa imeshabadilishwa miaka 2 kabla ya siku ile. Akaniuliza, "Umejua lini, shangazi?" Nikamwambia. Alikaa kimya, akalipa nusu, akahesabu chenji yake, akaifunga kwenye pembe ya kanga. Alipokuja kuchukua sare alikitazama kitambaa cha kichwa kilichokuwa juu ya meza, akakivuta huku na huku kuona kinavyorudi, akauliza kinavaliwaje bila ya pini. Nikamwonesha. Alikinunua kimoja. Saizi ya mtu mzima.

Jambo la mwisho, Mhariri. Mkiona kuna hesabu ya Clark niliyoikosea, mnisahihishe, kwa sababu siwezi kuirejea makala yenu. Fundi hukata vigezo vyake kwenye magazeti ya zamani, na ukurasa ule ulikuwa na upana niliokuwa nautafuta. Sasa hivi umening'inia kwenye msumari nyuma yangu, umekatwa umbo la kichwa na shingo, na kutoka kwenye picha yake umebaki mkono mmoja na mpira.

Fundi Cherehani,
Chake Chake, Pemba.